Mlima Usio na Kwaya

Roret, 22 Septemba 2024

Mwanangu Weldon,

Chamgei. Salamu zangu ni nyingi, ila sitasema ni kama mchanga wa bahari, maana bahari sijaiona. Ziwe nyingi kama matope ya njia ya kituo cha majani ya chai, ambayo juzi yalinivua gamboti moja mbele za watu.

Sisi hapa tuko. Mvua haijatuchoka, chai inachumwa, na ng'ombe mwekundu ametuzalia mtamba. Dada yako Chepkurui bado yuko nami pamoja na watoto wake. Anasema harudi kwa mumewe Nakuru mpaka aone nimezoea. Nizoee nini, hasemi. Mama Sellah na wenzake wa kanisani wanakuja kila siku tangu tulipomzika baba yenu Johana mwezi wa tano, na usiku wawili wao hulala hapa kwa zamu ili nisibaki peke yangu. Wanapika vizuri. Sina neno juu yao.

Utauliza kwa nini naandika kama mtu wa zamani na simu ipo. Simu yangu hukaa juu ya kabati la vyombo, na apitaye huichukua. Chepkurui husoma ujumbe kabla yangu, kisha hunipa muhtasari. Lakini barua bado zinapitia sanduku la shule niliyofundisha, na hapo hakuna anayezifungua ila mimi.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kwenda mlimani. Mlima mrefu, siku tatu hivi, kiangazi kikifika, mahali pasipo na watu. Wewe unawapikia wapanda milima, unaijua. Nichagulie. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, nimechora milima ubaoni hadi chaki ikanipa kikohozi, na sijasimama juu ya hata mmoja.

Nitakwenda peke yangu. Usimwambie mtu, hasa Chepkurui. Sababu niachie mwenyewe.

Mama yako mdogo,
Rodah


Nanyuki, 9 Oktoba 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na Rachael anakusalimu. Mtoto ameanza kutembea, na chochote kilicho juu ya meza sasa kiko chini. Msimu wa wageni umepungua, nimepumzika kidogo, ila mkono wa kulia niliunguza na mafuta ya chapati. Umepona.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Rachael aliniuliza kama nimepata habari ya msiba, nikasema hapana, na nilipojisikia nikisema hapana sikujiamini.

Sijakataa, Mama Mdogo. Lakini mlima si Roret. Huko juu maji huchemka kabla hayajawa moto wa maana. Maharagwe unayaweka jikoni asubuhi, na jioni bado yanagonga meno. Kama maharagwe yanashindwa, je, mtu mwenye dawa za presha? Nimeona vijana wenye vifua kama milango wakishushwa kwa machela, hawajui hata majina yao. Tena getini hawamwachi mtu apande peke yake, lazima awe na mtu.

Kwa hiyo sikiliza wazo langu. Njoo huku Mlima Kenya, upande wa Sirimon, tuishie kambi ya kwanza tu. Nitakubebea mzigo, nitakupikia, jioni tutakaa pamoja tuongee. Utaniacha nikulipe hata kidogo kwa kunilea? Mama alipofariki nilikuwa bado nanyonya, na ni wewe na baba Johana mlionichukua. Sijasahau.

Nina maswali. Umeenda hospitali ukaambiwa jambo? Umegombana na Chepkurui? Kwa nini uwe peke yako?

Mwanao,
Weldon


Roret, 30 Oktoba 2024

Mwanangu Weldon,

Tunakusalimu sote, hata wale wasiojua kwamba ninakuandikia. Pole kwa mkono. Hapa mvua ya mawe ilipita juu ya shamba la jirani ikaturuka sisi, na sasa jirani ananiangalia kana kwamba niliituma. Shule imefungwa, watoto wa Chepkurui wako nyumbani mchana kutwa, na mdogo amejifunza kupiga ngoma kwenye sufuria.

Barua yako nimeisahihisha. Kazi nzuri, ila umejibu swali ambalo sikuuliza. Mimi nilisema pasipo na watu, wewe umeniletea wewe. Maswali yako ya mwisho hayakuwa kwenye mtihani, kwa hiyo siyajibu.

Mlima Kenya nimeukataa. Mwaka jana ulinisimulia kwamba wakati wa kiangazi wageni hupanga foleni hata ya msalani. Foleni ninayo hapa. Nyandarua kuna ukungu na nyati. Nyati siwajui, lakini ukungu nimeoga nao maisha yangu yote. Cherangani watu wanalima karibu hadi juu, tena ni ndugu zetu; kila nyumba wataniita chai, na nikikataa watauliza mimi ni wa ukoo gani.

Nimechagua Elgon. Wageni ni wachache, ni mbali, na huko simjui mtu wala wewe humjui mtu. Wazee wetu huuita Tulwop Kony, na husema tulitoka huko. Kama tulitoka, basi si vibaya mmoja wetu akirudi.

Mambo ya nyumbani nayapanga vizuri. Mtamba nimempa Chepkurui. Namba ya majani tunayolipiwa chai pale kituoni nimeandikisha na jina lake. Jana nilimwonyesha hati ya shamba inapokaa. Alinitazama vibaya, lakini ameona.

Nitakwenda mwezi wa pili. Nieleze tu nguo za kubeba.

Mama yako mdogo,
Rodah


Nanyuki, 13 Novemba 2024

Mama Mdogo,

Natumai barua hii inakukuta salama, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Sisi ni wazima. Mtoto ameota jino. Rachael amesema nikusalimu, na pia amesema niache kuzungukazunguka niandike ninachotaka kuandika.

Unamkumbuka Nyang'au, yule fundi wa baiskeli wa Sosiot? Mkewe alipofariki tulimwona amekuwa mtulivu sana. Akaanza kugawa vitu. Spana zake alimpa kijana wake wa kazi, mbuzi akawapa majirani, akapita nyumba hadi nyumba akisalimia watu na kuwashukuru. Sote tulisema huzuni imemfanya mkarimu. Tulielewa baadaye, na baba Johana ndiye aliyesaidia kumbeba.

Sasa wewe umegawa mtamba. Umeandikisha namba ya majani. Umeonyesha hati. Unataka mlima ambao hakuna anayekujua, na unaniambia mmoja wetu akirudi tulikotoka si vibaya.

Nimejaribu kujiambia kwamba nimekosea. Nikikoroga uji najiambia, nikifunga mizigo ya wageni najiambia, na moyo unakataa. Ninaogopa. Naomba unijibu jambo moja, na ukitaka usijibu lingine lolote: je, unakusudia kushuka?

Nisipopata jibu kabla ya Desemba, sitaweza kunyamaza.

Mwanao,
Weldon


Nanyuki, 6 Desemba 2024

Mama Mdogo,

Salamu. Sisi hatujambo.

Nimengoja. Kila siku nimeenda posta, hata yule dada wa dirishani sasa hunipungia mkono wa hapana kabla sijafika. Jumapili nilipiga simu yako. Chepkurui alipokea, akakupa, ukasema, "Mimi mzima, na nyinyi?" Nyuma yako nilisikia watu wakicheka na vyombo vikigongana. Ningeuliza nini mbele ya watu wote hao?

Jana nilimpigia Chepkurui kwa namba yake. Nimemwambia kuhusu mlima. Sikumwambia ninachokiogopa, nilisema tu kwamba una mpango wa kupanda Elgon peke yako na haifai. Ulinikataza, na nimevunja neno lako. Bora unikasirikie ukiwa hai.

Weldon


Roret, 15 Desemba 2024

Weldon,

Salamu kwa Rachael na mtoto. Ng'ombe ni wazima. Chai ni nzuri.

Nimeundiwa kamati.

Nilitoka kituo cha majani nikakuta wanawake wamejaa sebuleni na chai imeshamiminwa. Mama Sellah ndiye mwenyekiti. Mama Kipkurui ni katibu, na mweka hazina wamemchagua yule yule wa matanga, maana wanasema ana uzoefu. Wamefungua kundi la wasapu, jina lake ni Safari ya Mwalimu Rodah. Wamepanga basi, na wote watavaa fulana za rangi moja. Mchungaji atatufungulia kwa neno pale getini, na kwaya itaimba tukipanda.

Nilijaribu kusema. Mama Sellah akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu, hata usijali," akasema. "Ati uende peke yako kama mtu hana watu? Sisi tuko! Huko juu ukisikia tu moyo umekuwa mzito, sisi hao, tunakuimbia mpaka unyamaze." Wote wakasema amina, na Chepkurui akalia kwa furaha.

Mtu mmoja tu duniani alijua habari hii. Nilimwandikia barua mwezi wa kumi, nikangoja ushauri wa nguo, na badala ya jibu amenitumia kwaya. Hata ungenikataza kwa maandishi ningekuelewa. Lakini kunyamaza, kisha kunizunguka kwa nyuma! Sikukulea hivyo.

Nitakwenda, Weldon. Sijui nitatokaje humu, lakini nitakwenda. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Rodah


Nanyuki, 22 Desemba 2024

Mama Mdogo wangu,

Umesema nisiandike, nami naandika. Barua hii nampa Kiplimo, dereva wetu. Anakwenda kwao Litein kwa Krismasi, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako na si mwa mwingine.

Sikunyamaza. Nilikuandikia mwezi wa kumi na moja na tena mwezi huu. Zote mbili nilizituma kwenye sanduku la shule, na leo tu, nikisoma barua yako, ndipo nilipokumbuka kwamba shule imefungwa. Uliniandikia mwenyewe kwamba watoto wako nyumbani. Nilisoma, nikacheka habari ya sufuria, na akili haikufika mbali. Mimi ni mjinga, sina lugha nyingine.

Kamati sikuijua. Nilidhani Chepkurui angekuuliza kwa upole. Nilipaswa kujua kwamba kwetu huwezi kumwambia mtu mmoja jambo lisipate mwenyekiti.

Hivi ndivyo ninavyoweza kurekebisha. Kiplimo ana mtu Endebess, chini ya Elgon, Naftaly Wambugu, mzee aliyewaongoza wageni miaka mingi. Nimeongea naye. Anaweza kukuandikisha getini kisha atembee nyuma yako kwa mbali, usimwone. Hiyo ndiyo peke yako inayoruhusiwa.

Nitanyamaza kwa Chepkurui, nitanyamaza kwa kila mtu. Lakini sitapanga lolote na Wambugu mpaka uniambie kama utashuka. Niliuliza kwenye ile barua ya mwezi wa kumi na moja, na bado naogopa vile vile. Nimeshindwa kula nyama ya Krismasi kabla hata haijachinjwa.

Mwanao,
Weldon


Roret, 11 Januari 2025

Weldon mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Rachael, na kwa huyo mwenye jino. Huku jua limewaka, chai imesinyaa, wachumaji wanarudi na vikapu nusu. Chepkurui ana mafua. Kiplimo alifika, akakataa kumpa barua mtu yeyote, hata Mama Sellah aliyemwambia yeye ni mwenyekiti.

Nilitaka kukujibu siku hiyo hiyo kwa hasira. Kisha shule ikafunguliwa, na karani akanipa zile mbili zikiwa na vumbi la likizo nzima. Ile ya Nyang'au niliisoma nimesimama mlangoni pa ofisi. Nikaomba kiti.

Nitashuka, Weldon. Lisome hilo tena, halafu ule.

Mtamba na namba ya majani visikutishe. Johana alikufa bila kupanga kitu, na nimezunguka ofisi za watu mpaka walinzi wakanijua kwa jina. Nikaapa kwamba mimi nikitoka hata kwenda Kericho mjini, nyumba iwe imepangwa. Sikufikiri kwamba kwa mtu aliye mbali inaonekana vingine. Nisamehe kwa siku ulizokaa na hofu hiyo.

Sasa sababu. Nimeikalia kwa kuwa naona aibu, nikiogopa utasema mama mtu mzima anasumbua watu kwa jambo dogo.

Sijamlilia Johana. Hata mara moja. Alipokata roho nilifungua mdomo, na Mama Sellah akaanza wimbo, wote wakaitikia. Mochari, vivyo hivyo. Kaburini, udongo wa kwanza ulipoanguka, nilisikia kitu kikipanda kutoka tumboni, na kwaya nzima ikainuka, ikakirudisha chini. Wewe mwenyewe ulikuwa nyuma yangu ukiimba besi, na uliimba vizuri. Siwalaumu. Ndivyo tunavyofanyiana, mfiwa asiachwe na kilio chake. Tangu hapo nikikaa kimya kidogo tu, mtu anaanza pambio.

Utasema nijifiche. Wapi? Choo kiko karibu na jikoni. Chai haina pa kujificha, inaishia kiunoni. Mjane akilia katikati ya chai, ng'ambo ya mto wanamwona na wanakuja mbio. Msitu una waokota kuni. Kule kwenye mlima wa maombi kuna kelele kuliko soko.

Na kitu hicho bado kiko hapa kifuani. Siku nyingine kinaniziba pumzi nikiwa nakata mboga, na hapo naogopa kweli. Siku nyingine hakisemi kitu, na hapo naogopa zaidi, kwamba kitaisha chenyewe bila mimi, na Johana atakuwa amekwenda kama mtu asiyekuwa na mke.

Wambugu nimemkubali. Mwambie awe mbali. Asiniombee, asiniimbie, asiniambie pole. Kamati imepanga safari yao katikati ya Februari. Mimi nitaondoka wiki ya kwanza. Chepkurui nitamwambia asubuhi hiyo, nikiwa nimeshavaa viatu. Siku hiyo kaa karibu na simu, maana atakupigia.

Mama yako mdogo,
Rodah


Nanyuki, 30 Januari 2025

Mama Mdogo,

Barua hii utapewa na Wambugu getini, kwa hiyo ukiisoma nitajua umefika. Sisi ni wazima. Rachael ameficha viatu vyangu vya mlima, maana anasema ananijua.

Tembea polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Kunywa maji hata bila kiu. Kofia ya marvin, ile ya sufu, usiivue hata usingizini. Dawa za presha kunywa kama kawaida. Kichwa kikiuma kidogo, kaa. Kikiuma sana, shuka, hata kama hujamaliza ulichokwenda kufanya. Nimemkanya Wambugu kuhusu nyimbo mpaka akaudhika.

Umesema niliimba vizuri. Niliimba kwa sababu nisingeimba ningeanguka. Nilitazama viatu vya mtu aliyesimama mbele yangu, nikashika besi, sikuiachia mpaka basi la kurudi Nanyuki. Sijui kwa nini nakuambia hili sasa.

Bado naogopa. Umeniahidi na ninakuamini, na bado naogopa. Shuka, Mama Mdogo.

Weldon


Roret, 16 Februari 2025

Weldon mwanangu,

Nimeshuka. Najua Chepkurui alikupigia, lakini nilitaka ulione kwa mwandiko wangu, na ndiyo maana nimelitanguliza mbele ya salamu.

Salamu sasa. Tuko wazima. Uso wangu umechomwa na jua, ngozi ya pua inatoka kama ganda la kitunguu. Miguu inauma, hasa ngazini, na bahati nzuri nyumba yetu haina ngazi.

Wambugu ni mtu mzuri na mpishi mbaya. Tulifika na gari mahali njia inapoishia, akaninyooshea mkono njia ya juu. "Mama, sasa ni miguu," akasema. "Mimi niko nyuma, hutaniona. Ukiona nyati, piga kelele." Nikamuuliza, na nikipiga kelele bila nyati? Akasema, "Hiyo haitanihusu." Nikamwamini.

Nilitembea mpaka msitu ukaisha, mpaka majani mafupi, mpaka ile miti ya ajabu inayofanana na kabichi iliyopandwa juu ya mlingoti. Nimeifundisha miaka yote hiyo bila kujua kwamba ikipigwa na upepo inatoa sauti kama karatasi. Hapakuwa na mtu. Nikakaa juu ya jiwe, nikasema haya sasa, Rodah, lia.

Hakikuja. Nilikaza uso, nikakunja ngumi, nikajaribu kumkumbuka akiwa kitandani. Hakuna. Nikaogopa kwamba nimechelewa. Nikaona upuuzi wangu wote, uongo kwa kamati, wewe kukosa nyama ya Krismasi, na mimi hapa juu nimekaa kama mzigo uliosahauliwa. Hasira ikanipanda, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kugombezwa, nikamgombeza Johana. Nikamwambia kwa sauti: nilikuambia twende hospitali. Nilikuambia mara ngapi? Ukasema ni kikohozi tu, chai ikichumwa tutakwenda. Chai haiishi kuchumwa, Johana! Ulijua haiishi!

Hapo ndipo kikatoka. Sitakueleza sauti yake. Sikujua ninayo.

Na katikati yake, nyuma ya mawe, nikasikia mtu ameanza wimbo. Kwa Kikikuyu, taratibu kabisa, sauti nzito ya mzee.

Weldon, nilisimama. Niliita kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia mstarini shuleni asubuhi. "Wambugu! Nyamaza!" Mlima wote ukarudia nyamaza. Akatokea ameshika kofia kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama," akasema. "Si kupenda kwangu. Nimesikia mtu analia, mdomo ikajifungua yenyewe." Sikujua kama nacheka au bado nalia, vyote vilikuwa vinatoka pamoja. Kisha akasema, akiwa anatazama kofia, "Hata mimi bibi yangu, mama wa watoto, tulimzika hivyo hivyo. Waliimba, waliimba, na mimi nikaimba. Mpaka leo sijapata nafasi."

Nikamwonyesha ng'ambo ya bonde. "Nenda ule upande," nikamwambia. "Huu ni wangu."

Akaenda. Sikumsikia, na sikumuuliza. Nililia mpaka kikaisha, kikarudi, kikaisha tena. Jioni tulikaa kwenye moto mmoja, macho yetu mekundu, tukanywa chai aliyoichemsha hadi ikakata tamaa, na nikamweleza kwa kirefu jinsi majani yanavyotiwa. Siku iliyofuata nilidhani nitalia tena. Nililia kidogo, kisha nikaona njaa, kisha nikaanza kujiuliza kama Chepkurui amekumbuka kumpa ng'ombe chumvi. Siku ya tatu niliwatamani watu, hata Mama Sellah. Sikutegemea hilo.

Kamati ilinipokea kwa kununa. Haijavunjwa, kamati za kwetu hazivunjwi. Basi lilikuwa limeshapangwa, kwa hiyo jana wamekwenda nalo Fort Ternan na fulana zao, kuona mahali palipochimbwa mifupa ya kale, na wamerudi wamefurahi sana.

Lakini leo kimetokea kitu, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Tulikuwa jikoni baada ya kanisa, wanawake wote. Chepkurui alifungua kabati la chini kutafuta chungio, akatoa ile kofia ya mvua ya baba yake, imekunjwa, bado ina matope. Akaishika. Uso ukamvunjika, akakaa pale pale sakafuni. Nilijua wakati huo kwamba yeye pia bado hajalia. Amekaa nami miezi yote hii akinilinda mimi, na yeye bado.

Mama Sellah alishavuta pumzi. Nikamshika mkono. "Mama Sellah," nikamwambia, "leo hatuimbi." Akanitazama kana kwamba nimemtukana mchungaji. Lakini hakuimba. Tukasimama, wanawake wazima na vyombo mikononi, hatujui macho tuyaweke wapi, na mtoto wangu akamlilia baba yake hapo sakafuni, kwa sauti yote, mbele yetu. Ilichukua muda. Ilikuwa ngumu kuisikia, nami sikuondoka. Alipomaliza akapangusa pua na leso yangu, akauliza kama kuna chai. Mama Sellah ndiye aliyemmiminia.

Sasa umebaki wewe. Ukija Pasaka, nipe siku mapema, nitawatoa watu wote nyumbani.

Mama yako mdogo,
Rodah